Mchezaji wa kulipwa, analipwa nini? Soka ya wanawake ya Uganda kwenye kioo cha Morocco

Mwaka 2000, fainali za mataifa ya Afrika kwa wanawake zilipochezwa Afrika Kusini, Uganda na Morocco zilikuwa miongoni mwa timu nane zilizoshiriki. Zote mbili ziliaga mashindano katika hatua ya makundi, na kwa miaka 22 hakuna hata moja iliyorejea. Ziliporejea, zilijikuta katika kundi moja. Tarehe 5 Julai 2022, jijini Rabat, Morocco iliifunga Uganda mabao 3 kwa 1.

Tangu siku hiyo njia zao zimeachana kabisa. Timu ya taifa ya Uganda, Crested Cranes, ilikuwa imekwisha kufungwa 2-0 na Senegal. Ikatoka sare ya 2-2 na Burkina Faso na kurudi nyumbani na pointi moja. Wenyeji waliendelea hadi fainali. Nusu fainali yao dhidi ya Nigeria ilihudhuriwa na mashabiki 45,562, na ijapokuwa Afrika Kusini iliwanyang'anya kombe kwa mabao 2-1, mwaka uliofuata walikwenda Kombe la Dunia wakiwa timu ya kwanza ya wanawake kutoka nchi ya Kiarabu kufika huko. Waliifunga Korea Kusini, wakaifunga Colombia, wakaingia hatua ya 16 bora. Mwezi Julai 2025 walicheza tena fainali ya Afrika na kushindwa na Nigeria 3-2. Uganda haikuwamo katika mashindano hayo.

Nchi mbili zilizokuwa kimya kwa muda uleule zimewezaje kutofautiana kiasi hiki? Majibu ni mengi, lakini lililo kubwa zaidi limo ndani ya neno ambalo Waswahili wamelichagua kwa kazi hii.

Mchezaji wa kulipwa

Taarifa nyingi za michezo hutufikia chumba cha habari kwa Kiingereza, nasi huzifasiri. Neno ambalo Kiingereza hulitumia kwa mchezaji wa aina hii hubeba harufu ya ujuzi, nidhamu na hadhi. Mtu aweza kuitwa hivyo kwa sababu tu anafika mazoezini mapema na viatu vyake ni safi. Kiswahili hakizunguki. Kinasema: mchezaji wa kulipwa. Kwa hiyo kila taarifa inaposema kwamba ligi fulani ya wanawake imekuwa ya kulipwa, mfasiri hulazimika kuuliza nani analipwa, analipwa na nani, na kiasi gani.

Sheria za Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, ziko karibu zaidi na Kiswahili kuliko na Kiingereza katika jambo hili. Zinamtambua mchezaji kuwa wa kulipwa iwapo ana mkataba wa maandishi na klabu, na analipwa zaidi ya gharama anazoingia kwa ajili ya kucheza. Asiyetimiza masharti hayo mawili ni mchezaji wa ridhaa, hata kama anacheza ligi kuu, hata kama ameivalia nchi yake jezi mara 50. Nauli ya matatu hadi uwanjani, chakula cha mchana na sabuni si mshahara.

Walichofanya Morocco

Mwaka 2020, shirikisho la soka la Morocco, chini ya rais wake Fouzi Lekjaa, lilitangaza mpango wa kugeuza ligi ya wanawake kuwa ya kulipwa. Ajabu ya mpango ule ni kwamba haukuishia daraja la kwanza. Ulijumuisha la pili pia, na katika madaraja yote mawili uliweka kima cha chini cha mshahara: dirham 5,000 kwa mwezi katika daraja la kwanza, na 3,500 katika la pili. Dirham 5,000 ni takriban dola 500 za Marekani. Si utajiri, lakini ni pesa ambayo msichana anaweza kumwonyesha baba yake na kumwambia kwamba hii ni kazi.

La msingi ni chanzo cha fedha hizo. Klabu nyingi za wanawake za Morocco zisingeweza kulipa mishahara hiyo zenyewe, kwa kuwa mechi nyingi za ligi huchezwa mbele ya watazamaji wachache. Shirikisho ndilo lililobeba mzigo, kwa ruzuku kwa klabu. Kwa maneno mengine, hawakungoja soko likue ndipo walipe, walilipa kwanza. Mtu anaweza kuuliza, tena kwa haki, nini kitatokea siku ruzuku itakapokatika. Hata hivyo matokeo ya awali yanaonekana: klabu ya jeshi la nchi hiyo, ASFAR ya Rabat, ilitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa wanawake mwaka 2022 kwa kuichapa Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini 4-0, na wachezaji wake wengi ndio waliokuwa uti wa mgongo wa timu ya taifa.

Tusitie chumvi. Timu ya Morocco ilinufaika pia na mabinti waliozaliwa na kulelewa Ulaya, na kocha wake wa wakati ule, Mfaransa Reynald Pedros, alikuwa amewahi kuinoa Lyon, klabu iliyotawala soka ya wanawake barani Ulaya. Mishahara peke yake haichezi mpira. Lakini humwezesha mwanamke wa miaka 24 kuendelea kuucheza, na hapo ndipo kisa cha Uganda kinapoanzia.

Uganda: mshahara uitwao karo

Ligi ya taifa ya wanawake chini ya Shirikisho la Soka la Uganda, FUFA, ilianza msimu wa 2014/15 kwa jina la Women Elite League. Tangu 2021 ngazi ya juu ni Women Super League, na mabingwa wake wa miaka minne ya mwanzo walikuwa Lady Doves ya Masindi, She Corporate, Kampala Queens na Kawempe Muslim, kwa mfuatano huo. Ushindani, basi, upo. Klabu nne tofauti katika miaka minne si jambo dogo, na ligi nyingi za wanaume zingelionea wivu.

Lakini yatazame majina ya klabu. Kawempe Muslim ni timu ya shule ya sekondari ya hapa Kampala. Uganda Martyrs Lubaga ni shule. Rines ya Wakiso ni shule. Olila ya Soroti ni shule. UCU Lady Cardinals ni ya Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, Mukono. Kwa sehemu kubwa, nyumba ya soka ya wanawake nchini ni darasa na bweni, na malipo ya mchezaji ni basari: shule humsamehe karo, yote au sehemu, humlaza, humlisha, naye huicheza.

Mfumo huu haustahili kubezwa. Umewapa elimu wasichana ambao wasingeipata, na umelea vipaji vilivyovuka mipaka. Juliet Nalukenge alitoka Kawempe Muslim akaenda kucheza Cyprus. Fauzia Najjemba amecheza Kazakhstan na Urusi. Sandra Nabweteme alipata nafasi ya chuo kikuu Marekani kwa miguu yake. Mzazi wa kijijini ambaye angemkataza binti yake kucheza mpira hunyamaza akiona karo ya muhula imelipwa. Mimi naamini hakuna kampeni ya uhamasishaji iliyofanya kazi kubwa kuliko risiti ile.

Ila basari ina tarehe ya kuisha. Msichana humaliza kidato cha sita akiwa na miaka 18 au 19, na siku anapokabidhi godoro la bweni, mshahara wake umekoma. Mchezaji hukomaa katikati ya miaka ya ishirini; mfumo unamlea hadi kizingitini kisha unafunga mlango. Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, ilionekana wazi jinsi malipo ya aina hii yalivyo dhaifu: basari ya shule iliyofungwa hainunui hata kilo ya posho.

Wachache huendelea chuo kikuu kwa ufadhili wa aina ileile. Wengine huingia katika timu za vyombo vya dola, kama She Maroons ya Idara ya Magereza. Waliobaki huuza nguo Owino, huhudumu dukani, huolewa, au hucheza jioni kwa mapenzi tu.

Yupo atakayesema: basi FUFA iweke kima cha chini kama Morocco. Wazo ni zuri, lakini Uganda yenyewe haina kima cha chini chenye maana kwa mfanyakazi yeyote. Kilichomo kwenye vitabu vya serikali ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984, na mswada wa kukirekebisha uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukutiwa saini na Rais. Mchezaji hawezi kuegemea ukuta ambao mwashi na mpishi pia hawana.

Majirani nao

Tanzania imekwenda njia ya tatu. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17, Mlandizi Queens wakawa mabingwa wa kwanza, lakini nguvu zilihamia upesi kwa timu mbili. JKT Queens ipo chini ya Jeshi la Kujenga Taifa. Simba Queens inabebwa na jina, wadhamini na mashabiki wa klabu ya wanaume. Mwaka 2022 Simba Queens iliifunga She Corporate ya Uganda 1-0 katika fainali ya kanda, ikaenda Morocco na kumaliza ya nne Afrika. Aisha Masaka aliondoka Yanga Princess mwaka huo huo kwenda BK Häcken ya Sweden, na baadaye Brighton ya Uingereza.

Na bingwa wa Afrika wa mwaka 2024 alikuwa TP Mazembe ya Lubumbashi, mji ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya viwanjani. Iliifunga ASFAR 1-0 katika ardhi ya Morocco. Mfano wa Morocco, kumbe, si njia pekee. Klabu moja yenye fedha na nia inaweza kuupita. Kombe hilo lilikuwa na zawadi ya dola 600,000.

Kwa nini shule hazivuni zilichopanda

Kuna kanuni moja ambayo haizungumzwi vya kutosha. Katika soka ya wanaume, kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi, klabu zilizomlea hustahili fidia ya malezi. Kanuni za FIFA zinasema waziwazi kwamba fidia hiyo haihusu soka ya wanawake. Sababu iliyotolewa ni kwamba ingezuia klabu kuwasajili wanawake, kwa kuwa fedha zilikuwa chache. Huenda ilikuwa kweli. Matokeo yake kwa Kawempe au Soroti ni kwamba shule iliyomlisha binti kwa miaka sita haipati kitu anapoondoka.

Kinachobaki ni mgawo wa mshikamano, yaani asilimia 5 ya ada ya uhamisho, unaogawiwa klabu alizochezea mchezaji tangu miaka 12 hadi 23. Lakini asilimia 5 hutolewa pale tu ada inapolipwa, na mchezaji asiye na mkataba huondoka bure. Asilimia 5 ya sifuri inajulikana.

Kukosa mkataba kuna gharama nyingine, ya mwilini kabisa. Tangu tarehe 1 Januari 2021, FIFA inampa mchezaji mja mzito likizo ya wiki zisizopungua 14, nane kati yake baada ya kujifungua, kwa malipo ya angalau theluthi mbili ya mshahara. Haki hiyo ni ya mwenye mkataba. Theluthi mbili ya basari haipo katika hesabu ya mtu yeyote, na msichana anayepata mimba akiwa kwenye timu ya shule huhatarisha nafasi yake darasani na uwanjani kwa pamoja.

Kabla ya kutia saini

Kwa kuwa wasikilizaji wetu wengi ni wazazi na walezi, ni vyema wajue yafuatayo. FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Anayeahidi kumpeleka msichana wa miaka 16 kucheza ng'ambo aulizwe maswali mengi. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA na hukasiriki ukimwomba namba yake. Mchezaji aliye chini ya miaka 18 hapaswi kufungwa kwa mkataba unaozidi miaka mitatu. Mkataba utaje kiasi cha mshahara, tarehe ya kulipwa na tarehe ya kuisha, uwe katika lugha ambayo msichana na mzazi wake wanaielewa au wamefasiriwa neno kwa neno, na nakala moja iliyotiwa saini na pande zote ibaki mikononi mwa mchezaji mwenyewe.