Mchanga wa Shela na Maji Yaliyo Chini Yake

Atembeaye asubuhi kutoka kijiji cha Shela, kisiwani Lamu, huona upande mmoja bahari na upande wa pili vilima vya mchanga mtupu, akadhani yuko jangwani. Nyayo humsahihisha: za kaa zimetapakaa kote, na msimu wa kutaga huonekana alama pana za kasa aliyejiburura usiku kwenda kufukia mayai yake, yapatayo mia moja. (Nguva pia wamo katika maji ya visiwa hivi, lakini kumwona ni bahati.)

Lililo kubwa zaidi halionekani. Mchanga hunywa mvua upesi, na maji hayo matamu, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya bahari, huelea juu yake ardhini. Ndiyo yanayolisha visima vya mji wa Lamu. Yakitekwa kupita kiasi, ya chumvi hupanda; na nyumba zikijengwa vilimani, uchafu wa vyoo huyafikia.

Ng'ambo ya mkondo, kisiwani Manda, mji wa Takwa ulihamwa karne ya 17, na uhaba wa maji matamu hutajwa miongoni mwa sababu. Inasimuliwa kwamba wakazi wake walihamia Shela. Watu wa Shela wangali wakivuka kwenda kuomba mvua kwenye kaburi la mnara lililosalia huko.