Dakika moja ya kuhesabu pumzi huokoa mtoto mwenye nimonia

MUUGUZI anapoletewa mtoto anayekohoa, kifaa cha kwanza anachohitaji si stetoskopu wala eksirei. Ni saa yenye mshale wa sekunde, na subira ya dakika nzima.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, nimonia, ambayo wengi huiita homa ya mapafu au kichomi, iliua watoto zaidi ya 740,000 wa chini ya umri wa miaka mitano mwaka wa 2019. Hiyo ni asilimia 14 ya vifo vyote vya watoto wa umri huo ulimwenguni. Tatizo ni kwamba dalili zake za mwanzo, yaani kikohozi na joto mwilini, hazitofautiani sana na zile za mafua ya kawaida au hata malaria.

Kinachofichua ugonjwa huu ni pumzi. Vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu hujaa usaha na majimaji, oksijeni ikashindwa kupenya ipasavyo hadi kwenye damu. Mwili nao hujaribu kufidia upungufu huo kwa kupumua upesi upesi.

Mtoto wa chini ya miezi miwili huhesabiwa kuwa anapumua kwa kasi isiyo ya kawaida akifikisha pumzi 60 au zaidi kwa dakika. Kwa aliye na umri wa miezi miwili hadi mwaka mmoja kiwango ni 50, na kuanzia mwaka mmoja hadi mitano ni 40.

Kuhesabu huonekana jambo jepesi, lakini hapo ndipo makosa mengi hutendeka. Mtoto anayelia au kunyonya hupumua visivyo, hivyo sharti awe ametulia mikononi mwa mamaye. Muuguzi stadi humwomba mama ainue nguo ya mtoto taratibu, kisha hutazama kifua na tumbo kabla hajamgusa kwa kipimajoto au kwa stetoskopu yenye baridi. Akiwa amelala, haamshwi.

Foleni inapokuwa ndefu, kishawishi ni kuhesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha mara nne. Njia hiyo hugeuza kosa la pumzi moja kuwa kosa la pumzi nne. Mtoto wa miezi kumi aliyehesabiwa pumzi 13 badala ya 12 ataandikiwa 52 badala ya 48, na kwa tofauti hiyo atapewa dawa asiyoihitaji. Kosa likielekea upande wa pili, atarudishwa nyumbani akiwa mgonjwa. Isitoshe, watoto wachanga hupumua kwa vipindi visivyo sawa, wakisita kidogo kisha wakiharakisha. Ndiyo sababu aliye chini ya miezi miwili akifikisha 60 huhesabiwa tena.

Baada ya hapo muuguzi hutazama sehemu ya chini ya kifua. Kwa kawaida, mtoto anapovuta pumzi, kifua na tumbo huinuka pamoja. Mapafu yakilemewa, sehemu iliyo chini ya mbavu hubonyea ndani. Hadi mwaka wa 2014, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulitaka kila mtoto mwenye dalili hiyo alazwe hospitalini. Mwongozo uliorekebishwa mwaka huo uliruhusu atibiwe nyumbani kwa amoksilini ya kumeza, mradi hana dalili nyingine ya hatari wala virusi vya Ukimwi.

Dalili za hatari ni kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, na kulegea au kuzirai. Pua zinazotanuka, mguno kila anapotoa pumzi na kichwa kinachotikisika kwa kila pumzi pia ni ishara za mtoto aliyechoka kupumua. Huyu hapaswi kungoja foleni.

Rangi ya ngozi huhitaji uangalifu. Ubluu unaosemwa vitabuni ni vigumu kuuona katika ngozi nyeusi, kwa hivyo hutafutwa kwenye ulimi na ufizi. Hata kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, ambacho hufanya kazi kwa mwanga, kinaweza kuonyesha kiwango cha juu kuliko kilivyo kwa watu wenye ngozi nyeusi. Rangi ya kucha, vidole baridi na kutotulia kwa mtoto huzidi kukipotosha. Kipimo kikiwa chini ya asilimia 90, mtoto huwekewa oksijeni. Kikiwa juu ya hapo lakini mtoto anaguna na kushindwa kunyonya, muuguzi huamini macho yake.

Wodini, kazi nyingine ni ndogo ndogo lakini hazina mbadala: kuinua kichwa na kifua cha mtoto, kusafisha pua ili mirija ya oksijeni isizibe, kumnyonyesha kidogo kidogo na mara kwa mara, na kumhesabu pumzi upya kila baada ya saa chache.

Nyumbani, hatari mojawapo ni imani kwamba kikohozi kisichoisha husababishwa na kimio kirefu. Kukikata hakugusi mapafu hata kidogo. Huleta kutokwa damu na maambukizi, na humpotezea mtoto saa ambazo angekuwa ameanza dawa. Kinga iko kwingine. Kenya ilianza kutoa chanjo ya nyumokoka mwaka wa 2011, na watoto huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14.

Aliyepewa amoksilini huimeza mara mbili kwa siku kwa siku zote tano, hata joto likishuka mapema. Siku ya pili au ya tatu hurejeshwa kliniki, muuguzi akatoa saa yake na kuanza kuhesabu tena.