Kisu cha Machinjioni: Ugomvi Ambao si wa Itikadi (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala hii ilieleza mambo ambayo Mkristo na Mwislamu hawatakubaliana: Utatu, kusulubiwa kwa Yesu na utume wa Muhammad. Tofauti hizo ni za kweli, na anayedai kwamba dini zote ni kitu kimoja hazitendei haki dini zenyewe. Lakini Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mchungaji aliuawa katika vurugu ambazo chanzo chake hakikuwa lolote kati ya hayo. Watu waligombania nani achinje nyama ya kuuzwa buchani. Aprili mwaka huohuo, suala hilohilo likazua vurugu Tunduma. Watu wa Tarime na Serengeti mkoani Mara, ambao kwao ng'ombe ni mahari, ni akiba na ni heshima ya boma, wana kila sababu ya kulitafakari jambo hili kabla halijawafika. Hoja yangu ni kwamba ugomvi wa kuchinja ni wa mamlaka, wala si wa itikadi. Ukitambuliwa hivyo, dawa yake ipo.

Tuanze na vitabu. Kumbukumbu la Torati, sura ya 12, inaagiza damu ya mnyama imwagwe ardhini kama maji. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 15, waamini wa mataifa wanatakiwa kujiepusha na damu na vilivyonyongwa. Qurani, katika sura ya Al-Maida, inaharamisha mzoga, damu na nguruwe, kisha aya mbili baadaye inahalalisha chakula cha waliopewa Kitabu. Simama sasa machinjioni utazame. Ng'ombe amelazwa, mchinjaji ameelekea kibla, anataja jina la Mwenyezi Mungu, kisu kikali kinapita kooni, na damu inaachwa itoke yote. Ondoa kibla na maneno yanayotamkwa. Kilichobaki hakina cha kumkera msomaji wa Torati. Tena Wasabato, ambao mkoani Mara si wachache, hawagusi nguruwe kwa kufuata Walawi sura ya 11, ilhali Mkatoliki jirani yao anamla. Mpaka wa chungu, basi, haufuati mpaka wa dini.

Kama vitabu vimekaribiana kiasi hicho, watu wanagombania nini? Wanagombania nafasi ya umma. Kwa miaka mingi mazoea ya nchi yamekuwa kwamba nyama ya kuuzwa kwa wote ichinjwe na Mwislamu, ili kila mlaji aridhike. Mkristo anaona dola isiyo na dini imeipa dini moja dhamana. Mwislamu anaona amana aliyoitunza inanyang'anywa. Ulaya inatupa ushahidi wa pili. Sweden ilipiga marufuku kuchinja mnyama bila kumzimisha kwanza mwaka 1937, na Desemba 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliruhusu sheria kama hiyo ya jimbo la Flanders, Ubelgiji. Huko Mwislamu na Myahudi wamesimama upande mmoja, na wanayebishana naye ni serikali. Tendo ni lilelile, mahasimu wamebadilika, kwa sababu mwenye madaraka ni mwingine. Tarime nayo ni shahidi: mapigano ya koo za Wakurya yalihusu ardhi na mifugo, na waliopigana hawakutenganishwa na dini.

Mwislamu atauliza: kila mtu akichinja, nitajuaje nyama hii ni halali? Swali lake ni la haki, na jibu lake ni bucha zilizotenganishwa, zenye maandishi yanayosomeka na adhabu kwa anayedanganya. Mkristo atasema kwamba kula kilichochinjwa kwa dua ya wengine ni kuabudu pamoja nao. Lakini Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliwaruhusu kula kilichouzwa sokoni bila kuulizauliza kwa ajili ya dhamiri. Wapo pia watakaohofu kwamba bucha mbili zitagawa mtaa. Hofu hiyo naiheshimu, ila kinachogawa mtaa ni kulazimishana. Katika arusi nyingi nchini, mwenyeji Mkristo humwita jirani Mwislamu achinje ili mgeni yeyote asikose kula. Hufanya hivyo kwa hiari, na ndiyo maana heshima ile haimdhalilishi mtu.

Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu uhuru wa imani, na uhuru huo unaishia pale unapogusa sahani ya mwingine. Nawasihi wazee wa mila, masheikh, mapadri na wachungaji wa Tarime na Serengeti wakutane sasa, kungali na utulivu, jinsi Wakurya wanavyokutana kwenye iritongo, mkutano wao wa jamii: kila upande useme, kila upande usikilizwe, na makubaliano yatangazwe hadharani. Kukutana baada ya maziko ni kuchelewa.