Tusisubiri Kiu: Dalili za Mwili Uliopungukiwa na Maji

Wenyeji wa Tabora wanaujua mwezi wa Oktoba. Mvua za Novemba bado hazijafika, miembe imesimama katika vumbi, na jua la adhuhuri huwaka kana kwamba limesahau kuzama. Aliyekulia pwani akija kwetu husema kwamba huku hatoki jasho jingi. Maskini, hudanganyika. Pwani jasho hudondoka kwa sababu hewa yenyewe imejaa unyevu. Huku Unyamwezini hewa ni kavu, na jasho hukauka juu ya ngozi kabla mwenyewe hajaliona. Mwili unatoa maji saa baada ya saa, na mwenye mwili hana habari.

Ndiyo maana katika kurasa zetu za familia wiki hii tumeona tuzungumzie jambo ambalo kila nyumba hudhani inalijua, nalo ni kuutambua mwili uliopungukiwa na maji kabla ya kufika pabaya. Jambo moja tunataka msomaji alishike tangu mwanzo: katika nyumba, anayehitaji maji zaidi aghalabu ndiye asiyeyaomba.

Waliopita njia hii kabla yetu

Mji wetu ulikua juu ya njia ya misafara. Kutoka Bagamoyo, wapagazi walipanda hadi Mpwapwa, wakavuka Ugogo, wakaingia Unyanyembe, na kutoka hapa wengine wakaendelea hadi Ujiji ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Richard Burton na John Speke, Waingereza waliofika Kaze, yaani Tabora ya zamani, mwezi Novemba 1857, walitumia siku 134 kutoka pwani. Katika njia hiyo watu waliogopa maradhi na waliogopa vita, lakini palikuwa na sehemu mbili ambazo majina yake peke yake yalitisha. Ya kwanza ni Marenga Mkali, baina ya Mpwapwa na Ugogo, jina lenye maana ya maji makali, kwa kuwa machache yaliyopatikana kandokando yake yalikuwa machungu. Ya pili ni Mgunda Mkali, pori refu lililotenganisha Ugogo na Unyamwezi. Henry Stanley aliyepita mwaka 1871 aliikadiria Marenga Mkali kuwa zaidi ya maili 30 zisizo na maji.

Waliivukaje? Siku za kawaida msafara uliondoka alfajiri na kutua kabla ya jua kuwa kali. Lakini walipofika ukingoni mwa nchi kavu walibadilisha utaratibu. Asubuhi walipumzika, wakapika, wakala, wakanywa wakashiba, wakajaza vibuyu. Baada ya adhuhuri waliondoka, wakaenda hadi usiku, wakalala pasipo maji, na kabla ya kupambazuka wakawa wameshika njia tena ili wayafikie maji asubuhi ya pili. Mwendo huo waliuita tirikeza.

Katika tirikeza maji yalinywewa kabla ya kiu. Aliyengoja mpaka koo likauke katikati ya Marenga Mkali alikuwa amechelewa, kwani hapakuwa na kisima mbele wala nyuma. Wala tusisahau kwamba si wote waliotembea njia hiyo walikuwa na kibuyu mkononi. Walikuwamo wapagazi waliosalia nyuma kwa uzito wa mizigo na maradhi, na walikuwamo watumwa, ambao hawakuwa na amri juu ya miguu yao wala juu ya kinywaji chao. Hao walikuwa na kiu na hawakuwa na sauti. Nyumbani mwetu leo hakuna mtumwa, alhamdulillah, lakini wasio na sauti wangalipo: mtoto mchanga, mzee, na mgonjwa aliyelala.

Mwili unavyozungumza

Maji ni zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima, na kwa mtoto aliyezaliwa karibuni hufika kiasi cha robo tatu. Hutoka kwa jasho, kwa pumzi, kwa mkojo na kwa choo. Homa huongeza upotevu huo. Kuharisha na kutapika huuzidisha mno. Yanapopungua, damu hupungua ujazo, moyo hulazimika kupiga upesi zaidi, na figo huzuia kila tone ziwezalo kulizuia.

Kwa sababu hiyo dalili ya kuaminika kwa mtu mzima haiko kooni, iko chooni. Mkojo wa rangi ya manjano hafifu ni habari njema. Ukiwa wa rangi nzito kama chai ya rangi, ukiwa kidogo, na ukiwa na harufu kali, mwili unalilia maji. Mkojo wa kwanza wa asubuhi huwa mzito kidogo kwa kawaida, na baadhi ya dawa hubadilisha rangi, kama zile za kifua kikuu zinazoufanya uwe wa rangi ya chungwa. Basi atazame ule wa mchana, na azitaraji dawa zake.

Dalili nyingine ni kinywa na midomo kukauka, kichwa kuuma, uchovu usio na sababu, misuli kukaza, na kizunguzungu mtu anapoinuka ghafla, hata pengine anapoinuka kutoka katika sijida. Mambo yakizidi, moyo hudunda upesi, macho huzama, mkojo hukatika kabisa, na akili huanza kuchanganyikiwa. Hapo si suala la glasi ya maji tena. Ni suala la kupelekwa hospitali bila kuchelewa.

Tuonye pia upande wa pili. Mtu anayekunywa maji mengi kila siku na kiu haimtoki, akakojoa mara kwa mara, akakonda, asijisifu kwamba anakunywa vizuri. Akapimwe sukari.

Mtoto asiyejua kusema

Mtoto mchanga hana neno la kuomba maji isipokuwa kilio, na hali ikiwa mbaya hata kilio humwisha. Mama amtazame: analia bila machozi? Nepi imekaa kavu kwa saa sita au zaidi? Utosi umebonyea? Macho yamezama? Amelegea, au ananyonya kwa pupa kama mwenye njaa isiyokwisha? Njia nyingine ni kuifinya kidogo ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili kisha kuiachia. Ngozi ya mtoto mwenye maji ya kutosha hurudi mara moja. Ikirudi polepole, maji yamepungua. Ikikawia zaidi ya sekunde mbili, hatari imeshafika.

Katika nyumba nyingi bado ipo imani kwamba mtoto anayeharisha azuiwe kunywa ili tumbo lifunge. Ndugu zetu, imani hii imechimba makaburi madogo mengi. Mtoto hauawi na kuharisha kwenyewe kama anavyouawa na maji yanayotoka bila ya kurudishwa. Anayenyonya azidishiwe ziwa. Aandaliwe maji ya ORS kutoka zahanati au duka la dawa, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, yaani chupa mbili za nusu lita, na yatakayobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Kila anapopata choo cha majimaji, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, na mkubwa zaidi apewe mililita 100 hadi 200, kwa kijiko au kwa funda dogodogo. Akitapika, tusubiri dakika 10 kisha tuanze tena taratibu zaidi. Zahanati itampa pia vidonge vya zinki, navyo vimalizwe hata kama choo kimetengemaa.

Pakiti isipopatikana, lita moja ya maji safi iliyotiwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, itamsaidia akiwa njiani kwenda kutafutiwa tiba. Chumvi isizidi hapo, kwani ikizidi hudhuru. Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akitoa damu chooni, akipata degedege au akilala usingizi usio wa kawaida, tusingoje asubuhi.

Na katika kiangazi hiki hiki, mtoto aliye chini ya miezi sita mwenye afya hahitaji maji ya kunywa. Maziwa ya mama yanamtosha, hata Oktoba ya Tabora. Anayehitaji kuongezewa maji hapo ni mama mwenyewe.

Mzee asiyehisi kiu

Mwili ukizeeka, hisia ya kiu hufifia. Mzee anaweza kukaa tangu alfajiri hadi alasiri bila kutamani maji, ilhali mwili wake umekauka. Wengine hujizuia makusudi wasisumbuke kuamka usiku kwenda chooni, au kwa sababu magoti yanauma na choo kiko mbali uani. Wengine wanameza dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo. Bibi akianza kuongea maneno yasiyopangika, au babu akianguka akielekea kutawadha, watu wa nyumbani husema ni uzee, au humtafuta aliyemroga. Huenda ikawa ni maji tu. Kwa mzee, kufinya ngozi hakutoi jibu la kutegemewa, maana ngozi yake imelegea kwa umri. Tutazame kinywa, mkojo, na mabadiliko ya akili.

Dawa yake ya kwanza ni adabu. Tusimuulize, "Bibi, una kiu?" kwani atajibu hana. Tumletee kikombe mkononi, mara kwa mara, kidogo kidogo, kiwe maji, uji mwepesi au juisi ya tunda. Ila mwenye maradhi ya moyo au figo aliyepangiwa kiasi na daktari afuate kiasi chake.

Funga na afya

Msomaji atauliza, je, na Ramadhani? Funga ni tirikeza ya Muumini: nchi kavu inayojulikana mwanzo wake na mwisho wake. Mwenye afya huivuka salama akijiandaa. Kosa la wengi ni kunywa kidogo wakati wa futari kisha kubugia lita nzima dakika chache kabla ya adhana ya alfajiri. Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka kama mkojo kabla jua halijapanda. Ni bora kuyagawa tangu magharibi hadi daku, kwa funda za utulivu, na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kunywa kwa pumzi tatu na si kwa pumzi moja. Kazi nzito za shamba, kama zile za tumbaku, zifanywe mapema asubuhi kwa anayeweza kupanga saa zake.

Lakini asiyeweza amerahisishiwa na Mola wake. Qur'ani imempa mgonjwa na msafiri ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, na mzee asiyeweza tena kufunga hulisha maskini kwa kila siku. Anayechelea kuangamia kwa kiu hafanyi ushujaa kwa kuendelea kufunga. Wanazuoni wamesema afungue na alipe baadaye. Mjamzito na mnyonyeshaji waulize masheikh wao na wahudumu wao wa afya mapema, kabla mwezi haujaandama. Kuikubali ruhusa ya Mwenyezi Mungu nako ni utiifu.

Wajibu wa nyumba na msikiti

Leo njia ya misafara imekuwa reli, iliyofika Tabora mwaka 1912, na maji ya Ziwa Victoria yamefikishwa kwetu kwa mabomba. Neema imesogea. Hata hivyo, bomba halimnyweshi mtu. Inatakiwa atokee mwenye kumimina na kupeleka. Tunapendekeza mambo matatu mepesi. Kila nyumba iwe na pakiti mbili za ORS na mtu mmoja aliyejifunza kuzichanganya. Kila madrasa iwe na chombo cha maji safi yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na mwalimu awanyweshe watoto kabla ya somo, asingoje waombe ruhusa. Na kila aliye na mzazi mtu mzima ampelekee kikombe anapotoka kuswali adhuhuri, na tena alasiri.

Sa'd bin Ubada (r.a.) alipomuuliza Mtume (s.a.w.) sadaka iliyo bora kwa mama yake aliyefariki, aliambiwa ni maji, naye akachimba kisima. Na Bi Hajar, alipoona mwanawe ananyong'onyea katika bonde kavu, hakukaa kungoja aombe, kwani mtoto huyo hakuweza kuomba. Alikimbia baina ya Safa na Marwa mara saba, mpaka Zamzam ikabubujika. Mahujaji wote mpaka leo hufuata nyayo za mama huyo.

Kisima kwa wengi wetu ni kitu kikubwa kuliko uwezo. Kikombe kimoja, kwa asiyekiomba, kiko ndani ya uwezo wa kila mmoja wetu. Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe na macho ya kuwaona wenye kiu kabla hawajasema. Amin.