Mabinti wa Karagwe na Kyerwa, mchakamchaka peke yake hautoshi

Dakika 20 za kwanza wanapiga pasi hadi raha. Ikifika dakika ya 60 wanakata moto: beki kashika kiuno, winga harudi kukaba. Anayefuatilia soka la wasichana huku Karagwe na Kyerwa kaliona hilo, na lawama pembeni ya uwanja ni ileile, "hawana pumzi".

Pumzi hawana, au hawajapewa zoezi la kuijenga? Timu nyingi za shule zinategemea mchakamchaka: kundi zima, mwendo mmoja, nyimbo juu. Kwa anayeanza si vibaya. Lakini binti anayeweza kuimba huku anakimbia, moyo wake bado haujasukumwa. Akishazoea, mchakamchaka huo hauongezi kitu.

Mwaka 2007 watafiti wa Canada waliwachukua wanawake vijana wanane, umri kama miaka 22, wafanya mazoezi wa kawaida tu. Wakawapandisha baiskeli: dakika nne za kukanyaga kwa nguvu nyingi, mapumziko dakika mbili, mara 10. Vipindi saba ndani ya wiki mbili. Kiwango cha juu cha oksijeni ambacho miili yao iliweza kutumia kilipanda kwa asilimia 13. Wanane ni wachache, sawa, ila wiki mbili tu!

Zoezi kali huulazimisha moyo kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na misuli nayo hujifunza kuitumia oksijeni vizuri.

Kwenye soka lenyewe, Wanorwe walijaribu kwa vijana wa kiume mwaka 2001: dakika nne kali, dakika tatu za kukimbia taratibu, mara nne, siku mbili kwa wiki. Baada ya wiki nane, umbali waliokimbia kwenye mechi uliongezeka kwa asilimia 20.

Zoezi hilo halifiki hata nusu saa, na hapo ndipo linapomfaa binti ambaye akitoka shule anasubiriwa na ndoo ya maji na jiko. Mashine ya kukimbilia ya nini wakati vilima tunavyo? Panda kwa nguvu dakika nne, shuka taratibu. Saa ya kiswaswadu inatosha kuhesabia. Ukimaliza kupanda, weka vidole shingoni, hesabu mapigo kwa sekunde 10. Kwa msichana wa miaka 18 yakifika karibu 30, umefanya kazi. Yakiwa 22, ulikuwa unatembea.

Makocha wetu nao wakisikia "kali" wataipiga kila siku. Hapana, mara mbili kwa wiki inatosha, siku nyingine mpira na mchakamchaka wao uendelee. Na kwenye ndizi waongezewe maharage na dagaa, maana msichana anapoteza damu kila mwezi. Anayeishiwa pumzi haraka kuliko wenzake wiki hadi wiki, apelekwe zahanati akapimwe damu kabla ya kuitwa mvivu.