Mwana wa Sonara Aliyekuwa Mshairi wa Sultani

Ibn Rashiq alizaliwa karibu na mwaka wa 1000 katika mji wa Masila, nchi iitwayo leo Algeria. Baba yake alikuwa sonara, naye alimfundisha mwanawe kazi hiyo; lakini kijana alipenda elimu kuliko dhahabu. Akiwa na umri wa miaka 16 hivi, alihamia Kairouan, nchi ya Tunisia, mji uliosifika kwa wanavyuoni wake.

Huko mkuu wa makarani wa serikali, Ibn Abi al-Rijal, aliutambua ujuzi wake akamwingiza katika kazi ya uandishi. Hivyo akafika mbele ya Sultani al-Mu'izz bin Badis, akawa mshairi wake. Cheo hicho kilikuwa na heshima, lakini hakikuwa na raha. Mshindani wake, Ibn Sharaf, alikuwa mshairi hodari pia, na Sultani aliwashindanisha. Leo humpendelea huyu, kesho yule.

Mwaka wa 1057 Waarabu wa kabila la Banu Hilal waliuteka na kuuharibu mji wa Kairouan. Sultani alikimbilia Mahdia, penye pwani, na Ibn Rashiq akamfuata. Husimuliwa kwamba siku moja merikebu za adui zilipoonekana, mshairi alimsomea Sultani shairi la kumtia moyo asitikisike. Sultani akakasirika, akiona kama ameambiwa kuwa ni mwoga. Akaamuru karatasi ile ipasuliwe, kisha akaiunguza kwa moto wa taa. Ndipo Ibn Rashiq alipovuka bahari kwenda Sicily, akafia ugenini katika mji wa Mazara.

Lakini kabla ya misiba hiyo alikuwa ameandika kitabu kikubwa, al-Umda, juu ya kanuni za ushairi wa Kiarabu, akakitunukia yule mkuu wa makarani aliyemwinua. Humo alifundisha kwamba shairi lahitaji maneno, mizani, maana na vina. Tena aliufananisha ubeti na nyumba, ambayo mkaaji wake ni maana. Hata neno letu "beti" latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba.

Sifa alizomwimbia Sultani zilimpatia riziki ya muda tu. Kitabu cha elimu yake chasomwa hata leo, baada ya miaka karibu 1000.