Kipimo cha Serikali

Mkulima wa mpunga katika bonde letu la Kilombero hanunui mchele kwa kutazama gunia. Hulifungua mdomo, akatia mkono, akazitoa punje na kuzitandaza kiganjani aone kama ni nzima au zimekatika. Vivyo hivyo mtu atakaye kulinganisha serikali ya nchi hii na ya nchi ile asitosheke na jina lililoandikwa juu.

Pengine jioni, hapa Michenga, mtoto aliyetoka shule huuliza: “Baba, kwa nini Waingereza wana mfalme na sisi tuna rais?” Nasi hujibu upesi: “Kule ni ufalme, huku ni jamhuri.” Jawabu hilo si uwongo, lakini halishibishi. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, mkuu wa nchi kwa mwaka mzima alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili, naye hakukaa Dar es Salaam wala kuendesha kazi za nchi. Kazi hizo zilikuwa mikononi mwa Waziri Mkuu. Basi jina lilikuwa mahali pengine, na nguvu mahali pengine.

Hapana budi, basi, kumpa mtoto maswali matatu ya kupimia.

Swali la kwanza: Mamlaka haya yametoka wapi? Zamani za Wadachi, bonde hili lilitawaliwa kutoka boma la Mahenge, na maakida na majumbe walikuwa watumishi wa serikali ile. Jumbe alimwogopa aliyemweka, wala si wale aliowatoza kodi. Waingereza kwa sheria ya mwaka 1926 walitawala kwa mikono ya machifu wenyeji. Na mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ikauondoa utawala wa machifu. Leo mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa kwa kura za wakazi, lakini mtendaji wa kijiji ni mtumishi aliyeajiriwa. Wawili hao huweza kukaa katika ofisi moja, na kila mmoja mamlaka yake yametoka kwake mbali.

Swali la pili: Nani aweza kumwuliza mtawala, naye akalazimika kujibu? Hapa nchi hutofautiana sana. Uingereza, Waziri Mkuu asiyeaminiwa tena na Bunge hawezi kudumu. Tanzania, mawaziri hutoka miongoni mwa wabunge, nao huulizwa maswali bungeni. Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, waziri hawezi kuwa mbunge, kama ilivyo desturi ya Marekani. Wamewatenga ili mwenye kukagua asiwe yeye yule mwenye kukaguliwa. Tena tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitengua uchaguzi wa rais, ukarudiwa. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 haikuipa mahakama ruhusa hiyo: Tume ikisha kutangaza kwamba fulani amechaguliwa kuwa rais, hakuna mahakama ya nchi iwezayo kuuchunguza uchaguzi wake. Majirani wawili, jamhuri zote mbili. Lakini tia mkono ndani ya gunia uone punje zilivyo mbalimbali.

Swali la tatu: Mtawala ataondokaje? Tanzania na Kenya zimeweka vipindi viwili vya miaka mitano mitano kwa rais. Uganda nayo ilikuwa na mpaka wa vipindi viwili katika Katiba yake ya mwaka 1995, ukaondolewa mwaka 2005. Kura hupigwa katika nchi zote tatu; kwa hiyo asemaye, “Wanapiga kura, yatosha,” hajamaliza kupima.

Nanyi waalimu, msiwafundishe watoto maswali haya kwa nchi za mbali tu. Mwanzo wake u hapa mlangoni. Kwa sheria zetu, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mtu mzima, mwenye miaka 18 na zaidi, mwanamume kwa mwanamke. Yapasa uitwe kila miezi mitatu, na hapo halmashauri ya kijiji husoma mapato na matumizi mbele ya watu. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba halmashauri haiwezi kumgawia mtu ardhi ya kijiji bila mkutano mkuu kukubali.

Fikirini basi. Mgeni anakuja akitaka sehemu ya mbuga tunayolima mpunga. Mkutano unaitwa. Huyu yuko shambani akiamia ndege, huyu yuko mtoni kwa nyavu zake, na mama wa nyumba ameambiwa kwamba maneno hayo si yake. Wachache wanakaa chini ya mwembe, wanainua mikono, shauri linapita. Masika ijayo tunakuta shamba lina mwenyewe mwingine, nasi twalia, “Serikali imetuonea!” Lakini siku ile serikali ilikuwa ni sisi, nasi hatukuwapo.

Ndiyo sababu mtoto akiuliza juu ya mfalme na rais, usimjibu kwa majina. Mwulize nawe: Nani amempa? Nani humwuliza? Ataondokaje? Kisha siku ya mkutano wa kijiji umshike mkono uende naye, akuone baba yake ukisimama mbele ya watu na kuuliza, “Mwenyekiti, fedha za robo hii zimetumikaje?”